UCHOVU USIOISHA: UGONJWA AU UVIVU?

Leo katika safu yetu ya afya tutajifunza habari za mtu anayechoka na asipate nafuu kwa kulala. Simzungumzii mtu aliyelima kutwa, akarudi jioni amechoka, akalala, na asubuhi akaamka mzima. Uchovu wa huyo ni wa haki na dawa yake ni usingizi. Namzungumzia mtu anayeamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Akienda kisimani kuteka ndoo moja, kesho yake hawezi kuinuka mkekani. Hali hiyo huendelea mwezi baada ya mwezi, hata mwaka ukapita. Katika kijiji chako huenda yupo mmoja, na huenda mnamwita mvivu. Au huenda ni wewe mwenyewe unayesomewa somo hili ukiwa umelala.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nina cheti, sina shahada, na sijafika miaka thelathini. Kwa hiyo wazee mnaosoma nawaamkieni kwanza: shikamooni. Naandika somo hili kwa sababu nilimkosea mgonjwa mmoja, na kosa langu lilikaribia kumvunjia nyumba.

Mama aliyeambiwa akalime

Mgonjwa huyo ni mama wa watoto wanne. Kabla ya kuugua alikuwa na jembe la kusifiwa, na wenzake walipomaliza matuta matatu yeye alikuwa kwenye la tano. Masika moja alishikwa na homa kali na maumivu ya viungo. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini nguvu hazikurudi.

Alikuja zahanati mara saba katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakuna malaria. Nikampa dawa za maumivu. Mara ya pili nilimpima tena, hakuna. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu hadi nje chini ya mwembe, nami nikampa dawa ya malaria hivyo hivyo, ingawa kipimo kilikataa. Mara ya tatu nilimwandikia vitamini. Mara ya nne nilianza kuchoka naye. Nilisahau kwamba yeye ndiye aliyechoka.

Mara ya saba nikamwambia maneno haya: "Dada, vipimo havionyeshi kitu. Usilale sana. Shika jembe, mwili ukizoea kazi nguvu zitarudi." Nikayaandika hayo katika daftari lake kwa mkono wangu.

Mama yule ni mtiifu. Alishika jembe, akapalilia siku tatu mfululizo. Siku ya tano asubuhi mama mkwe wake alikuja mlangoni kwangu. Mzee yule hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, mgonjwa wako ulimwambia alime, amelima. Sasa njoo umwone." Nilimkuta amelala chumba chenye giza, khanga usoni, hawezi kushika bakuli la uji. Sauti ya watoto ilimuumiza kichwa. Alikaa hivyo wiki tatu.

Jambo lililoniuma zaidi nililisikia baadaye. Mume wake alikuwa amepeleka lile daftari langu kwa wazazi wa mama, awaonyeshe kwamba hata zahanati imesema binti yao haumwi. Na kijiji kilikuwa kimemtoza faini kwa kutofika msaragambo wa kuchimba mtaro, kwa ushahidi huo huo. Mstari mmoja nilioandika haraka ulikuwa umegeuka hati ya kumshitaki mgonjwa.

Basi nilimsindikiza mwenyewe hospitali ya wilaya. Huko tulimkuta daktari aliyemsikiliza muda mrefu kuliko nilivyomsikiliza mimi kwa mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha haya ninayowafundisha leo.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu kwa Kiswahili tunaweza kuuita ugonjwa wa uchovu sugu. Madaktari wa Uingereza wana jina lao refu ambalo kifupi chake ni ME. Wamarekani waliupa jina la uchovu sugu mwaka 1988, na wagonjwa wengi hawalipendi, kwa sababu ukisema "uchovu" kila mtu anajiona anaujua. Ni sawa na kuiita kipindupindu "kuharisha".

Dalili yake kuu, ndugu msomaji, ndiyo hii uishike vizuri: hali kuwa mbaya zaidi baada ya kutumia nguvu, hata nguvu kidogo. Na ubaya huo mara nyingi haufiki saa ile ile. Hufika baada ya saa 12, au kesho yake, au keshokutwa, kisha hukaa siku kadhaa au wiki. Kwa sababu hiyo hudanganya. Jumatatu mgonjwa anaonekana sokoni, anacheka na watu. Jumatano hawezi kuketi. Majirani walimwona Jumatatu, na Jumatano hawakuingia chumbani kwake.

Nguvu ninazosema si za mikono peke yake. Kukaa msibani kutwa, kusoma barua ndefu, kugombana na mtu, kusimama juani kwenye foleni, vyote hivyo humwangusha.

Pamoja na dalili hiyo kuna nyingine. Usingizi haumpi nafuu hata akilala saa kumi. Akili inakuwa nzito, anasahau neno katikati ya sentensi, au anasahau kama chumvi ameshaitia. Akisimama hupata kizunguzungu, moyo unapiga mbio, miguu inakosa nguvu, na akilala chini hupata afadhali. Wengi huumwa misuli, viungo, kichwa na koo. Wengine hawavumilii mwanga wala kelele.

Mwaka 2015 taasisi ya wataalamu wa tiba ya Marekani iliweka kipimo cha kuutambua: uwezo wa kufanya shughuli upungue sana kwa muda wa miezi 6 au zaidi pamoja na uchovu mkubwa, hali izidi baada ya kutumia nguvu, usingizi usiburudishe, na juu ya hayo kuwe na akili nzito au matatizo ya kusimama. Waingereza katika mwongozo wao wa mwaka 2021 hawasubiri miezi 6. Wao huutaja ugonjwa baada ya miezi 3, ila huanza kuushuku mapema zaidi ili mgonjwa apewe ushauri kabla hajajiumiza. Mimi nakubaliana nao. Miezi 6 ya kumwambia mtu alime ni mingi.

Chanzo kamili bado kinatafutwa. Linalojulikana ni kwamba mara nyingi huanza baada ya ugonjwa wa kuambukizwa. Huko Australia katika mji wa Dubbo na vijiji vyake, watafiti waliwafuata watu 253 walioshikwa na maambukizi ya aina tatu. Mojawapo ni homa ya Q inayotoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Nyingine ni homa ya virusi iendayo na mbu, ndugu wa chikungunya. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miezi 6, watu 28 kati ya hao walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Tangu mwaka 2020 baadhi ya watu walioambukizwa UVIKO-19 wamebaki na hali ya namna hii hii.

Nasi tusidhani kwamba hizo ni homa za mbali. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza katika nyanda za Wamakonde mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Mbuzi na ng'ombe tunaishi nao.

Waliodharauliwa kabla yetu

Kudharauliwa kwa mgonjwa huyu hakukuanzia kijijini kwetu. Mwaka 1955 katika hospitali ya Royal Free mjini London waliugua watumishi karibu 300, wengi wao wauguzi, hata hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka ule ule waliugua wauguzi wa hospitali ya Addington huko Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili waliandika kwamba ugonjwa wa London ulikuwa hofu tu ya kundi la watu. Walisoma mafaili, hawakuwapima wagonjwa wenyewe, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wengi walioumwa ni wanawake! Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuuweka katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969.

Ushauri kama ule nilioutoa mimi, wa kuongeza kazi kidogo kidogo kila siku hata kama mwili unakataa, ulitolewa kwa miaka mingi na wakubwa wenye elimu kuliko yangu. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 uliuondoa. Sisemi hivyo ili nijitetee. Nasema ili mgonjwa akikutana na mganga anayeshikilia ushauri huo wa zamani, ajue kwamba umekwisha kubadilishwa.

Kwanza tutafute magonjwa yenye tiba

Hapa nawaomba tusikilizane sana. Mtu asisome somo hili akasema, "Aa, kumbe nina uchovu sugu," akabaki nyumbani. Magonjwa mengi huleta uchovu, na mengi yana tiba. Ugonjwa wa uchovu sugu hutajwa baada ya kuwatafuta hao wengine.

Kwa akina mama, wa kwanza ni upungufu wa damu. Hutokana na chakula, uzazi wa karibu karibu, hedhi nyingi, malaria, na minyoo ya safura inayoingia kwa miguu isiyo na viatu. Tone moja la damu linatosha kupima wingi wa damu, na dawa zake zipo. Kichocho nacho, hasa kwetu tunaooga na kufua ziwani na mabwawani, hunyonya nguvu taratibu. Kifua kikuu hujionyesha kwa kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito na jasho la usiku. Virusi vya UKIMWI hupimwa bure, na anayetumia dawa ipasavyo hurudi shambani. Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi na kuwa na kiu. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, mtu huona baridi, hunenepa na kuzubaa. Figo, ini na moyo vikiharibika, miguu huvimba na pumzi hukatika. Wafugaji, na wote wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, wafikirie ugonjwa wa brusela, ule unaotupisha ng'ombe mimba. Kwa binadamu huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho, na maumivu ya mgongo na viungo. Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya kumezeshwa dawa ovyo.

Je, malaria? Malaria ipo na inaua, kwa hiyo homa ikija upimwe siku hiyo hiyo. Lakini si kila homa ni malaria, na uchovu wa miezi mitano bila vijidudu katika damu si malaria iliyojificha. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Uchunguzi kamili ulikuta malaria ndiyo iliyowaumiza wagonjwa 14 tu. Nilipoambiwa hesabu hiyo nilimkumbuka yule mama na dawa niliyompa mara ya pili.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo huchosha, na ina matibabu. Namna moja ya kuipambanua ni kumwuliza mgonjwa: "Kama leo ungeamka na nguvu zako zote, ungefanya nini?" Mwenye sonona mara nyingi hana hamu ya lolote. Mwenye uchovu sugu hukutajia kazi kumi: kupalilia, kukandika ukuta, kwenda kumwona dada yake. Hamu anayo, mwili unakataa. Lakini mtu aweza kuwa na yote mawili, kwani kudharauliwa mwaka mzima kunatosha kumtia mtu huzuni. Akianza kusema kwamba afadhali afe, hapo ni haraka. Asiachwe peke yake, aletwe kwetu.

Kupungua uzito, homa isiyoondoka, damu katika makohozi, mkojo au choo, uvimbe mahali popote, pumzi kukatika, hizo pia hazingoji daftari wala somo. Njoo mara moja.

Safari ya matibabu

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kuonyesha ugonjwa wa uchovu sugu. Daktari huutambua kwa kusikiliza maelezo, kumpima mgonjwa, na kuondoa magonjwa mengine. Kwa hiyo chombo kikubwa cha mgonjwa ni maelezo yake. Wengi hufika mbele yetu wakasema, "Mwili mzima unaniuma, daktari." Nasi tunaandika dawa ya maumivu, tunaita mwingine.

Nunua daftari. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule aandike kwa ajili yako. Mwanzo andika mwezi ulioanza kuugua na ugonjwa uliotangulia. Kisha taja mambo matatu uliyokuwa ukiyafanya na sasa huyawezi, kwa vipimo vinavyoeleweka: "Nilibeba ndoo nne kutoka kisimani kila siku, sasa naweza moja, na kesho yake nalala." Hilo daktari atalielewa kuliko kusema "nimechoka sana". Halafu kwa wiki mbili andika kila jioni ulichofanya siku hiyo na jinsi ulivyoamka. Daftari la yule mama lilipofika siku ya kumi, hata mimi niliona wazi kwamba kila siku ya kwenda mtoni ilifuatwa na siku mbili za kulala. Mwishoni andika dawa zote ulizokwisha kumeza, pamoja na za mitishamba na za dukani. Usimfiche mganga, hatakupiga.

Katika zahanati tunaweza kupima malaria, wingi wa damu na VVU. Mkojo na sukari hupimwa panapokuwa na vipimo. Kipo pia kipimo kimoja kisichohitaji chochote ila saa yenye mshale wa sekunde. Mgonjwa analala chali dakika 5 hadi 10, tunahesabu mapigo ya moyo na kupima shinikizo la damu. Kisha anasimama ameegemea ukuta dakika 10, tukiendelea kuhesabu. Kwa mtu mzima, mapigo yakiongezeka 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko, au shinikizo likishuka sana, tumepata sababu ya kizunguzungu chake. Yule mama alikuwa na mapigo 76 akiwa amelala. Dakika ya nane ya kusimama yalikuwa 112. Na nilikuwa nimemwandikia kwamba hana kitu! Kipimo hiki kisifanywe nyumbani bila msaidizi, maana mtu aweza kuanguka. Na matokeo yake hayatoshi peke yake, kwani upungufu wa damu au wa maji mwilini nao huongeza mapigo.

Tukishindwa hapo tunakupa barua ya rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Omba barua hiyo, ni haki yako. Isome au usomewe kabla ya kuondoka, uone kama imetaja siku ugonjwa ulipoanza na vipimo vilivyokwisha kufanywa. Huko juu omba majibu kwa maandishi, uyaweke yote katika mfuko mmoja wa nailoni ili mvua isiyaharibu. Nimeona watu wakilipia kipimo kile kile mara tatu kwa sababu karatasi ya kwanza ilitumika kuwashia moto. Kama una bima ya afya, uliza kabla ya kupimwa kama inalipa.

Safari yenyewe ni kazi kwa mgonjwa huyu. Kilomita thelathini juu ya bodaboda, kisha saa nne kwenye benchi, zaweza kumlaza wiki. Ikiwezekana afike jana yake, alale kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Aende na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu akili ikiwa nzito atasahau nusu ya aliyoambiwa. Akizidiwa kwenye foleni alale chini juu ya khanga bila haya, na msindikizaji amwarifu muuguzi.

Daktari akisema, "Vipimo havionyeshi kitu," usikate tamaa wala usigombane naye. Maana yake ni kwamba magonjwa aliyoyapima hayapo, na hiyo ni habari njema. Mwulize kwa adabu: "Daktari, umenipima magonjwa gani? Yapi bado? Je, yaweza kuwa ugonjwa wa uchovu sugu?" Kisha umwonyeshe daftari.

Kuishi kwa akiba

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya hadi sasa. Anayekuambia anayo, awe na koti jeupe au hirizi, anataka fedha yako. Yule mama alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya chupa za maji ya mshipani na sindano za vitamini katika duka la dawa. Chupa ile ilimpa nafuu ya siku moja, na mbuzi hawakurudi. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu baada ya miaka, hasa watoto na vijana. Watu wazima wanaopona kabisa ni wachache. Ninasikitika kuliandika hilo, lakini mkulima anayejua kwamba mvua ni chache hupanda mtama. Anayedanganywa hupanda mahindi.

Kinachosaidia ni kugawa nguvu. Fikiri ghala lenye debe chache za mahindi, na mavuno bado mbali. Mwenye busara hupima kibaba kila siku, hata siku anayojisikia kula sana. Vivyo hivyo mgonjwa ajue kipimo chake cha siku, aache kazi kabla hajachoka, na siku anayojisikia vizuri asiitumie kulipa kazi zote zilizolala. Siku nzuri ndizo zinazowaangusha wengi.

Tulikaa na yule mama na mkwe wake tukapanga hivi. Kazi zote za kukaa afanye akiwa ameketi juu ya kigoda au mkeka: kumenya ndizi, kuchambua mboga, kupukuchua, hata kuosha vyombo. Kati ya kazi na kazi alale chini dakika kumi na tano, macho yamefungwa, hata kama hajachoka. Kutwanga na kuteka maji kukachukuliwa na wengine. Kuoga jioni badala ya asubuhi, kwa sababu kuoga kulimmalizia nguvu za asubuhi. Mapigo yake ya moyo tumemfundisha kuyahesabu shingoni, yakianza kwenda mbio aketi. Kwa kizunguzungu anakunywa maji ya kutosha na chumvi kidogo zaidi kwenye chakula. Neno hili la chumvi halimhusu mwenye shinikizo kubwa la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo, naye aulize kwanza. Maumivu hutulizwa kwa parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa. Alale saa zile zile kila usiku ndani ya chandarua. Ale vyakula vya aina mbalimbali: maharage, dagaa, mboga za majani, karanga, matunda.

Kulala kitandani mwezi mzima bila kujigeuza nako kuna madhara yake. Anayeweza kunyoosha miguu na mikono bila kuzidiwa kesho yake, anyooshe. Kipimo ni kesho yake.

Wenye nyumba na majirani

Mume wa yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba la ekari mbili, watoto wanne, na mke anayelala mchana, na karatasi ya zahanati ikisema mke haumwi. Nilikwenda kwake nikamwambia mbele ya mama yake kwamba karatasi ile ilikosea, na aliyekosea ni mimi. Ilikuwa vigumu. Kijana kumwambia mtu mzima nyumbani kwake kwamba serikali ilikosea! Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa nani atapalilia?" Hilo ndilo swali la kweli, na sikuwa na dawa yake kabatini.

Jibu lilitoka kwa kikundi cha akina mama wanaolimiana zamu. Walikubali kulima sehemu yake, naye akawa mtunza hesabu na mlezi wa watoto wachanga wao siku za kilimo, akiwa amekaa kivulini, na msichana mmoja akiwakimbilia watoto. Akichoka, zamu inasimama. Serikali ya kijiji niliiandikia barua mpya, nikaeleza ugonjwa na kuomba asamehewe kazi za nguvu. Faini ilirudishwa nusu. Nusu nyingine walisema imekwisha kununua saruji.

Kuhusu kuambukiza, watu wameniuliza sana. Mgonjwa wa uchovu sugu halili peke yake wala hatengewi kikombe. Mnaweza kulala naye, kula naye na kumpa mtoto ampakate. Na walimu nao wajue kwamba watoto wa shule huupata. Mwanafunzi aliyekuwa hodari, akaugua homa, kisha akawa anasinzia na kukosa shule, apelekwe kupimwa kabla ya kuchapwa au kuandikwa mtoro.

Hivi sasa yule mama yupo. Hajapona. Mwaka huu amelala wiki nzima mara mbili tu, mara moja baada ya harusi ya mdogo wake, ambayo alisema hangeikosa hata kwa wiki tatu. Daftari lake la zamani bado analo. Ule mstari wangu nimeukata kwa kalamu nyekundu, nikaandika chini yake tarehe na jina langu.

Maswali ya kujadili katika darasa la kisomo

Je, katika kitongoji chenu yupo mtu aliyeugua homa akapona, lakini nguvu zake hazikurudi? Alipimwa magonjwa gani, na yapi bado? Kazi zake sasa zinafanywa na nani? Sheria ndogo za kijiji chenu zinasema nini juu ya mgonjwa asiyeweza kufika msaragambo, na nani anayemwandikia barua?